Kukabidhi ofisi si kukabidhi amana

Kuna swali nililoulizwa katika darsa la vijana ambalo nililijibu haraka haraka, kisha nikarudi nyumbani nikijua kabisa kuwa sijalijibu.

Ilikuwa mwezi Juni 2025, baada ya swala ya Magharibi. Tulikuwa katika mada ya uongozi. Nilikuwa nimeeleza jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomwonya swahaba wake Abu Dharr (R.A.) kuwa uongozi ni amana, na kwamba utageuka majuto kwa asiyeutekeleza kwa haki yake. Siku hizo vyombo vya habari vilikuwa vimetangaza kifo cha Bi. Violeta Barrios de Chamorro, Rais wa zamani wa Nicaragua, aliyefariki Juni 14 huko San José, Costa Rica, akiwa na umri wa miaka 95. Nikaona nitoe mfano wa uchaguzi uliomwingiza madarakani, ule wa Februari 25, 1990. Nikawaambia vijana: tazameni, watu walioingia Ikulu kwa bunduki waliondoka kwa karatasi ya kura, tena hata si Waislamu.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, akanyoosha mkono. "Ustadhi, huyo aliyeondoka si ndiye yupo madarakani mpaka leo? Sasa alirudisha amana, au aliiazimisha tu?"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, nikasema matendo hutazamwa kwa nia na kwa mwisho wake, tukaendelea na somo. Lakini swali lile lilinichoma kwa sababu mbili. Moja inahusu Nicaragua. Ya pili inanihusu mimi mwenyewe, nami nitaieleza mwishoni, inshaallah.

Ndugu msomaji, uchaguzi ule ulifanyika mimi sijazaliwa. Niliusoma chuo kikuu, na tangu hapo haujanitoka akilini. Nicaragua ni nchi ndogo ya Amerika ya Kati, kati ya Honduras na Costa Rica. Kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa kama shamba la ukoo mmoja, ukoo wa Somoza, baba na wanawe wawili, wakilindwa na jeshi lao na urafiki wa Marekani. Tetemeko la ardhi lilipobomoa mji mkuu, Managua, mwezi Desemba 1972, misaada iliyotoka duniani iliishia kwa kiasi kikubwa mikononi mwa watawala na maswahiba wao. Januari 1978, Pedro Joaquín Chamorro, mhariri wa gazeti la La Prensa aliyekuwa mwiba kwa watawala hao, akauawa kwa risasi akiwa njiani kwenda kazini. Mjane wake ndiye huyu Violeta.

Kifo hicho kiliwasha moto. Julai 19, 1979, wapiganaji wa Sandinista waliingia Managua wakishangiliwa. Violeta akawa mmoja wa watu watano wa baraza lililoshika serikali, pamoja na kijana aliyeitwa Daniel Ortega. Hakukaa hata mwaka. Aprili 1980 alijiuzulu, akarudi kwenye gazeti la marehemu mumewe.

Tuwe waadilifu. Wasandinista hawakuwa wezi waliovamia nyumba. Waliwatoa watu katika dhulma. Mwaka 1980 waliwapeleka vijana kwa maelfu vijijini kufundisha wakulima kusoma na kuandika, na takwimu zao zilisema wasiojua kusoma walipungua kutoka nusu ya watu wazima hadi takriban asilimia 13. Mwaka 1984 waliitisha uchaguzi, Ortega akashinda kwa asilimia 67.

Na tuwe waadilifu pia katika kuitaja dhulma waliyofanyiwa. Marekani ya Ronald Reagan iliunda na kugharamia jeshi la waasi, maarufu kwa jina la Contra. Shirika lake la ujasusi lilitega mabomu katika bandari za Nicaragua. Mei 1985 ikaiwekea nchi hiyo vikwazo vya biashara. Juni 27, 1986, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kuwa Marekani imevunja sheria za kimataifa na inapaswa kulipa fidia. Haikulipa. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikafichuka kuwa maofisa wa Reagan walikuwa wakiiuzia Iran silaha kwa siri, na sehemu ya fedha wakaielekeza kwa Contra. Tafakari hapo, ndugu yangu: fedha iliyopatikana katika vita vya Iran na Iraq, Muislamu akimuua Muislamu, ikavuka bahari kwenda kuua wakulima wa Nicaragua.

Kufikia mwaka 1990, vita hivyo vilikuwa vimeua watu wapatao 30,000 katika nchi isiyofikisha watu milioni 5. Vijana wa miaka 17 walikuwa wakichukuliwa jeshini kwa lazima. Mwaka 1988 mfumuko wa bei ulipita asilimia 30,000, yaani mshahara wa leo keshokutwa haununui chochote. Mama mwenye mtoto wa kiume alikuwa akihesabu miaka ya mwanawe kwa hofu.

Katika hali hiyo ndipo watu wakapiga kura. Upande mmoja Ortega, mwenye dola, jeshi na mikutano mikubwa. Upande wa pili Violeta, mgombea wa muungano wa vyama 14 uliowakusanya pamoja mabepari na makomunisti, mwanamke aliyevunjika goti na kufanya kampeni akiwa katika kiti cha magurudumu na magongo, amevaa nguo nyeupe, akiahidi mambo mawili makubwa: vita vitakwisha, na hakuna kijana atakayechukuliwa jeshini kwa nguvu. Kura nyingi za maoni zilimpa Ortega ushindi. Waangalizi walikuja kutoka Umoja wa Mataifa, Jumuiya ya Mataifa ya Amerika, na kundi la Jimmy Carter, Rais wa zamani wa Marekani.

Matokeo yalimpa Violeta karibu asilimia 55 na Ortega karibu 41. Usiku ule Carter alikwenda kuzungumza na Ortega, akamweleza kuwa naye aliwahi kushindwa, na dunia haikuisha. Alfajiri ya Februari 26, Ortega alisimama mbele ya wafuasi wake, wengine wakilia, akasema atayaheshimu matokeo. Kisha akaenda nyumbani kwa Violeta kumpa mkono. Aprili 25, katika uwanja wa besiboli wa Managua, urais ukakabidhiwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile kwa serikali iliyoko madarakani kushindwa kwa kura na kuukabidhi urais kwa upinzani kwa amani.

Hapa ndipo linapoanza suala la kimaadili.

Hoja ya kwanza, ambayo najua wasomaji wengi watakuwa nayo tayari, ni hii: uchaguzi gani ule? Marekani ilikuwa imetamka waziwazi kuwa Violeta akishinda, vikwazo vitaondolewa. Bunge lake lilitenga dola milioni 9 kwa ajili ya uchaguzi huo. Desemba 1989 majeshi yake yalikuwa yametoka kuivamia Panama, nchi iliyo jirani ya pili tu. Mwananchi alikuwa akiambiwa: chagua huyu upate mkate na mwanao arudi, au chagua yule vita viendelee. Je, huko si kulazimishwa? Na sisi tuliosoma fiqhi tunajua kuwa mkataba wa aliyelazimishwa una kasoro. Mtu aliyewekewa kisu shingoni akauza nyumba yake, hajauza.

Hoja hii ni nzito, na mimi siipuuzi. Lakini tuisome fiqhi mpaka mwisho wa ukurasa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wanasema aliyelazimishwa kuuza, kisu kikiondolewa shingoni, ana hiari: akitaka atavunja mauzo, akitaka atayaridhia. Maana yake ni kwamba haki ya kulalamikia kulazimishwa ni ya yule aliyelazimishwa. Si ya dalali. Si ya mpangaji aliyekuwa anaishi ndani ya nyumba ile na sasa hataki kutoka.

Sasa tumuulize aliyelazimishwa. Contra walisalimisha silaha katikati ya mwaka 1990. Vita vikaisha, vikwazo vikaondoka, kisu kikawa kimeondolewa. Mwaka 1996 watu wa Nicaragua waliulizwa tena: mnamtaka Ortega? Wakasema hapana. Mwaka 2001 wakaulizwa mara ya tatu. Wakasema hapana. Kwa hiyo dhulma ya Marekani ni dhulma, na itahesabiwa kwa waliofanya, lakini haimpi aliyeshindwa ruhusa ya kusema kura ile haikuwa ya watu. Tuliyazoea sana makosa ya kuchukua ubaya wa adui yetu na kuufanya hati ya kumiliki vitu vya watu.

Hoja ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Wapo wanaosema Ortega hastahili sifa yoyote kwa alfajiri ile kwa kuwa alibanwa: waangalizi walijaa, hazina ilikuwa tupu, Urusi ya Kisovieti iliyomsaidia ilikuwa inayumba. Hili nalo silikubali. Jeshi lilikuwa mkononi mwa ndugu yake, Humberto. Angeweza kukataa, watawala wengi wamekataa wakiwa katika hali ngumu kuliko ile. Kama angekataa, damu ingemwagika. Hakukataa. Mwenye haki apewe haki yake, hata kama baadaye atakuja kuikanyaga.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika siku 58 kati ya uchaguzi na makabidhiano, na liko katika neno moja alilolisema Ortega.

Katika siku hizo, Bunge lililokuwa bado mikononi mwa Wasandinista lilipitisha haraka sheria za kuhalalisha umiliki wa nyumba na ardhi. Familia nyingi maskini zilipata hati za vibanda na vijishamba walivyokuwa wakiishi, na katika hilo kulikuwa na haki. Lakini katika msafara huo wakubwa nao wakajipenyeza: majumba ya kifahari, mashamba na magari ya serikali yakabadilika kuwa mali ya watu binafsi. Wananchi wakaupa mchezo ule jina la piñata. Hicho ni kikaragosi cha karatasi kinachojazwa peremende katika sherehe za watoto wa kule. Hutundikwa juu, watoto hukipiga kwa fimbo mpaka kipasuke, kisha kila mmoja hurukia anachoweza kukumbatia.

Na neno ni hili: siku moja tu baada ya kukubali kushindwa, Ortega aliwaambia wafuasi wake kuwa wataendelea kutawala kutoka chini. Wengine walilichukua kama maneno ya kuwapoza wafuasi waliovunjika moyo. Mimi naona ndilo lililokuwa linaeleza kilichomo moyoni. Alitoa kiti, hakutoa umiliki. Aliikabidhi ofisi akiwa bado anaamini kuwa nchi ni yake, na kwamba aliyeingia ni mgeni aliyekaribishwa sebuleni kwa muda.

Mtu wa namna hiyo hasubiri kuchaguliwa, anasubiri kurudishiwa. Na kama unadhani unarudishiwa chako, kila njia inakuwa halali. Ortega aliafikiana na Rais Arnoldo Alemán, aliyekuwa hasimu wake, sheria ya uchaguzi ikabadilishwa kiasi kwamba mgombea angeweza kushinda kwa asilimia 35 akimwacha wa pili kwa alama 5. Novemba 2006 akashinda kwa asilimia 38, pungufu ya zile alizoshindwa nazo mwaka 1990! Makamu wake alikuwa Jaime Morales Carazo, kiongozi wa zamani wa Contra, ambaye nyumba yake Ortega aliichukua baada ya mapinduzi na kuifanya makazi yake. Aliapishwa Januari 2007 na hajatoka tena. Mwaka 2014 ukomo wa vipindi vya urais ukafutwa katika Katiba. Mwaka 2018 maandamano yalizimwa na zaidi ya watu 300 wakapoteza maisha. Mwaka 2021 watu waliotaka kugombea dhidi yake walikamatwa mmoja baada ya mwingine, na miongoni mwa waliofungiwa nyumbani ni Cristiana Chamorro, binti ya yule mama aliyempa mkono mwaka 1990. Mwaka 2023 wapinzani zaidi ya 300 walivuliwa uraia, akiwemo Sergio Ramírez, aliyekuwa makamu wake wa rais siku ile ya makabidhiano. Na Januari 2025 Katiba ikabadilishwa tena, mkewe, Rosario Murillo, akawa rais mwenza. Ukoo wa Somoza uliondolewa ili nchi isiwe ya familia moja. Subhanallah.

Mtazame upande wa pili yule mama. Hakuwa malaika. Chini ya utawala wake wafanyakazi wengi wa serikali walipoteza ajira na maisha yalikuwa magumu. Mkwewe, aliyekuwa waziri mwenye nguvu kuliko wote, alitamani kumrithi. Bunge lilipopitisha mwaka 1995 marekebisho ya Katiba yanayozuia jamaa wa rais kumrithi, serikali yake ilivutana nalo kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali. Kwa hiyo hata nafsi njema huhitaji uzio. Lakini alimwacha Humberto Ortega aendelee kuongoza jeshi ili nchi isirudi vitani, ingawa wenzake walimlaani kwa hilo, na jeshi likapunguzwa kutoka askari zaidi ya 80,000 hadi takriban 15,000. Nyumbani kwake watoto wawili walikuwa Wasandinista na wawili wapinzani wao, na alikuwa akiwakalisha meza moja. Januari 1997 alikabidhi urais, akaenda nyumbani, na hakudai tena kitu. Amefia uhamishoni.

Sasa nieleze ile sababu ya pili.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa madrasa mtaani kwetu. Nilifanya kazi, Allah ni shahidi. Nilitembea ofisi kwa ofisi, nikapiga simu usiku na mchana, ukuta ukafika kwenye lenta. Kisha ukafika mkutano wa mwaka, baada ya Isha, na jamaa wakamchagua mtu mwingine, mzee mmoja fundi cherehani, mpole, asiyejua kompyuta. Nilisimama nikampongeza. Nikamkabidhi funguo, muhuri na vitabu vya stakabadhi, watu wakasema takbir, imamu akaniombea dua kwa moyo wangu mweupe.

Lakini kulikuwa na daftari moja sikulitoa, lenye majina na namba za simu za wafadhili. Nilijiambia kuwa hawa ni watu wangu, wananijua mimi, nimewapata kwa jasho langu. Wafadhili walipopiga simu kuuliza mchango waupeleke wapi, sikusema uongo. Nilisema tu, "Tusubiri kwanza tuone wenzetu watakwendaje." Ujenzi ukasimama. Watoto wakasoma msimu mzima wa masika chini ya turubai. Nami kila nilipopita pale nilikuwa nikisikia raha fulani ambayo sikutaka kuitazama usoni. Nilikuwa natawala kutoka chini.

Nilipoulizwa swali lile na kijana darsani, daftari lilikuwa bado kwenye droo yangu. Nilikaa nalo siku tatu nyingine, kisha nikalipeleka kwa yule mzee kibandani kwake. Nilijiandaa kujieleza. Alilipokea, akalifungua, akaangalia ukurasa wa kwanza, akaniambia, "Ahsante, ustadhi. Nilikuwa najua lipo." Akarudi kwenye cherehani yake. Sijapata adhabu kali kuliko ile.

Allah (S.W.) katika Sura An-Nisaa ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mara nyingi tunaisoma aya ile tukifikiria kitu: fedha, funguo, kiti. Lakini mtu hawezi kurudisha anachoamini ni chake, anaweza tu kukiazimisha. Ndiyo maana vyama, taasisi zetu, misikiti yetu na hata majumba yetu vimejaa watu waliokabidhi ofisi kwa tabasamu na kubaki na daftari. Sherehe ya makabidhiano haitwambii kitu. Kinachotwambia ni siku zinazofuata: je, aliyetoka anamwombea aliyeingia afanikiwe, au anamsubiri aanguke?

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu langu ni hili, na samahani kwa kuchelewa. Mwaka 1990 tendo lilikuwa jema, na liliokoa roho za watu. Lakini aliyelifanya aliiazimisha amana, hakuirudisha, na mwenye kuazimisha siku moja huja kudai chake. Sisemi hayo kwa kumhukumu mtu wa mbali ambaye mwisho wake uko kwa Mola wake. Nasema kwa kuwa nilikuwa na daftari.

Wallahu a'lam.